Gitaa Limfuate Nani?

Kuna swali la adabu ambalo sisi wapiga gitaa huwa hatuulizani: mwimbaji na chombo wakikosa kupatana, nani amfuate mwenzake? Kanisani, shuleni, studio, jibu limeshatolewa kabla mtu hajafungua mdomo. Mwimbaji ndiye anayerekebishwa. "Mama, uko nje ya kii." Mama anacheka kwa aibu, anapunguza sauti, wimbo unaendelea bila yeye. Sijawahi kusikia mtu akisema kinanda ndicho kiko nje ya mama.

Mimi napiga gitaa la baritoni, na nimekaa nalo Kaaleng, huku Turkana Kaskazini, muda wa kutosha kulitilia shaka jibu hilo. Kwa wasiolijua: ni gitaa kama lile lingine, ila shingo ni ndefu zaidi na nyuzi ni nene, na sauti yake iko chini kiasi cha kushuka kutoka fa hadi do. Inakaa kifuani, pale inapokaa sauti ya mzee akiimba bila haraka. Halafu mimi nalegeza nyuzi tatu, ya sita, ya tano na ya kwanza, kila moja hatua nzima. Ukipitisha kidole gumba bila kubonyeza popote unapata so, do, so, do, mi, so. Kodi nzima (si ile ya KRA) bila jasho. Hiyo ndiyo tyuni ya wazi. Mchana haikai, kwa sababu chuma kikipata joto hurefuka na sauti hushuka, na joto la huku mnalijua hata kwa kusikia tu. Kwa hiyo natyuni jioni.

Kulegeza nyuzi si ujanja wangu. Mwaka 1793 nahodha Vancouver alimpelekea mfalme Kamehameha wa Hawaii ng'ombe. Wakazaana mpaka wakawa kero, na katika miaka ya 1830 wakaletwa wachungaji kutoka upande wa Meksiko kuwafundisha watu kuwashika. Wachungaji wale walikuja na magitaa. Wenyeji walipoyapata hawakuzikunja nyimbo zao ziingie kwenye gitaa. Walilegeza nyuzi, gitaa likaingia kwenye nyimbo. Familia nyingine zilificha tyuni zao kama siri ya nyumba, mgeni haonyeshwi. Maze, hiyo hadithi naipenda kwa sababu inaanza na ng'ombe, na hapa Kaaleng hakuna hadithi isiyoanza na ng'ombe.

Sasa, mtu atasema: lakini si kuna sauti sahihi? Programu ya kutyuni kwenye simu si inajua? Inajua kilichokubaliwa. Mwaka 1939 watu walikutana London wakaamua noti A iwe mitetemo 440 kwa sekunde, na mwaka 1955 shirika la viwango la kimataifa, ISO, likaipitisha. Ni mapatano, kama upande wa barabara wa kuendeshea gari. Na hiyo mi ya kwenye simu iko juu ya mi ambayo nyuzi zenyewe zinaitaka, kwa senti 14, ukihesabu nusu hatua kuwa senti 100. Nikiishusha mpaka nyuzi ziache kugombana, simu inawaka nyekundu na sikio linapumzika. Waganda nao, amadinda yao inagawa ngazi kwa sauti tano zilizoachana karibu sawa, na hakuna hata moja kati ya nafasi hizo utakayoipata kwenye kinanda. Nani yuko nje ya kii hapo?

Lakini hiyo bado ni hesabu. Jambo lililonishika ni jingine.

Waturkana hawahitaji ngoma ili wacheze. Kwenye edonga chombo ni koo, makofi na ardhi inayokanyagwa. Mwanamume ana maksai wake anayempenda, anamtungia wimbo, na mara nyingi watu humwita kwa jina linalotokana na rangi ya huyo mnyama. Baba ya rafiki yangu ana wimbo wa aina hiyo. Jioni alipouimba nami nikapiga nyuzi zangu wazi, wimbo ukawa mtamu, na utamu ule ulikuwa wa uongo. Maksai mwenyewe alikufa kwenye ukame ule wa misimu mitano ya mvua iliyokosekana, kuanzia mwisho wa 2020. Mzee anaomboleza, gitaa linatabasamu. Kosa ni la mi. Mi ndiyo inayoamua kama kodi ni ya furaha au ya huzuni, na tyuni yangu ilikuwa imeshaamua kabla ya mzee kuvuta pumzi.

Nikaikaza mi nusu hatua, ikawa fa. So, do, so, do, fa, so. Hakuna furaha, hakuna huzuni, kuna nafasi tu. Wapiga gitaa wataitambua: ni ndugu wa tyuni ambayo Davy Graham, Mwingereza, aliitoa Moroko miaka ya 60 alipotaka kupiga pamoja na wapiga udi. Mzee akaimba tena. Sauti yake ilipita pale katikati, mahali ambapo mi haipo, na gitaa likanyamaza kuhusu jambo lisilolihusu.

Mtu angeweza kuishia hapo: gitaa limfuate mwimbaji, kwaheri. Ila nikimfikiria Graham nakwama. Alinyenyekea kweli, alilegeza nyuzi zake kwa ajili ya wenyeji. Na leo tunamtaja yeye kwa jina, wao tunawaita "wapiga udi". Kumfuata mtu kunaweza kuwa njia nzuri sana ya kumchukulia mali yake.

Nilipomuuliza mzee kama naweza kuupiga wimbo ule Nairobi, aliniangalia kama mtoto aliyeomba kisu.

"Wimbo ni wa ng'ombe. Wewe una ng'ombe?"

"Sina, mzee."

"Mimi nikiwa hapa, piga. Nikienda, wewe nyamaza."

Mwanawe, anayefanya kazi Lodwar na ana simu nzuri kuliko yangu, ananikasirikia mpaka leo. Anasema vijana wa Kakuma wanacheza muziki wa Sudan Kusini na gengetone, wa huku wanaufuata, na wimbo wa mzee usiporekodiwa utazikwa naye. "Wewe unalinda adabu, mimi nalinda baba." Hiyo hoja ni nzito, siwezi kuipuuza. Ukame umeua ng'ombe, na kijana asiye na maksai atatunga wimbo wa nini?

Bado namsikiza mzee. Kuhifadhi ni neno zuri, lakini mara nyingi anayehifadhi ndiye anayebaki na ufunguo. Mzee hajasema wimbo ufe. Amesema nani anaruhusiwa kuupiga na lini, na hilo ni jibu kamili, hata kama linaniudhi. Mwanawe akitaka kurekodi, amwombe baba yake. Mimi siwezi kuruhusu kwa niaba ya mtu aliye hai, mwenye mdomo na akili timamu.

Kwa sasa tunapiga pale nje, jua likizama. Sauti yake jioni iko chini kuliko ya asubuhi, na siku akiwa na kikohozi hushuka zaidi. Anaanza kwanza, peke yake, mimi nikiwa nimeshika uzi wa tano, natafuta do yake iko wapi leo.