DENI LA WAKUBWA, WATOTO WANACHUKULIWA

Masomo ya Biblia: 2 Wafalme 4:1-7, Yakobo 5:4, Mathayo 19:13-15



Mwanamke tunayesoma habari yake hakuwa mpagani. Mume wake alikuwa mtu wa jamaa ya manabii, mwenye kumwogopa Mungu. Akafa, akaacha deni. Mwenye kudai akaja mlangoni, na hakutaka mbuzi wala shamba. Alitaka watoto wawili wa yule mama, wawe watumwa wake. Angalieni vizuri, ndugu: deni lilifanywa na wakubwa, na wanaochukuliwa ni watoto.

Sisi hatuhitaji mtu wa kutufafanulia jambo hilo. Katika miaka ya 1992 na 1993, Leta ilipokuwa hailipi walimu na shule zikafungwa kwa mgomo, wazazi walikubali kumlipa mwalimu kwa mkono wao. Watu walisema ni kwa muda mfupi. Muda huo mfupi ulizidi miaka 25. Deni lilikuwa la Leta kwa mwalimu. Lakini asubuhi, watoto wakiwa kwenye mistari, jina lililosomwa halikuwa la Leta. Lilikuwa la mtoto: wewe, toka, rudi nyumbani, baba akupe feza.

Mimi ninayewaandikia nilisoma majina hayo. Wakati huo nilikuwa direkta wa shule moja ya msingi, kabla ya kuitwa katika kazi ya uchungaji. Siku moja mama mjane alikuja ofisini na basani ya mchele kichwani, mchele wa shamba lake, umetwangwa, umepepetwa, mweupe. Alisema, "Mukubwa, feza sina, pokea hii kwa ajili ya mtoto." Nilimjibu kwamba daftari langu linaandika franka, haliandiki mchele. Akaondoka na basani yake, na mtoto nyuma yake. Mtoto yule alikuwa mwepesi wa hesabu kuliko wenzake wote. Baadaye nilisikia yuko upande wa Salamabila, anabeba mawe ya dhahabu. Mwalimu wa darasa lake alipata nini siku ile? Hakupata kitu. Alikosa feza, akakosa na mchele.

Sheria kubwa ya inchi, Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi katika shule za Leta ni ya lazima na ni ya bure. Miaka 13 ilipita kabla ya neno hilo kuanza kutendwa, mwezi wa 9 mwaka 2019. Tuliona wenyewe watoto walivyomiminika. Madarasa yalijaa, wengine wakaketi chini, na wengine walikuwa wakubwa kuliko darasa lao. Tulimshukuru Mungu. (Sekondari haikuingizwa katika neno hilo la 2019, na hiyo ni huzuni ingine.)

Sasa nasikia katika mikutano ya wazazi sauti ya zamani inarudi. Zamani iliitwa minervali, baadaye primu, leo wanapendekeza iitwe mchango, kila mtoto alipe kabla ya kuandikwa. Wanaosema hivyo si watu wabaya. Wanamtazama mwalimu. Wako walimu wanaoitwa N.U., kwa maana ni wapya, wanaofundisha muda mrefu bila kuingia katika liste ya mishahara. Mwalimu huyo ana mke, ana watoto, ana njaa. Yakobo anasema mshahara uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hiyo inafika masikioni mwa Bwana. Mtu anayeshangilia masomo ya bure bila kuuliza mwalimu amekula nini hajasema kweli yote.

Lakini tumuangalie Elisha. Hakumwambia mjane asilipe deni, alilipa lote. Hakumwambia pia atoe mtoto mmoja abaki na mmoja. Alimuuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na chupa ya mafuta tu. Akamtuma kwa majirani kuazima vyombo, tena visiwe vichache. Mafuta yalisimama pale vyombo vilipokwisha. Kama majirani wangemnyima vyombo, mafuta yangemiminwa wapi? Sisi wakaaji wa inchi ya mawese tunaelewa neno hilo.

Wazee wengine wananiambia, "Mchungaji, kitu cha bure hakiheshimiwi." Nani kati yenu alimlipa mama yake maziwa? Na nani alimdharau kwa sababu hiyo?

Tukumbuke tena shule zetu zilitoka wapi. Papa Simon Kimbangu alianza kazi yake Nkamba mwezi wa 4 mwaka 1921, na mwaka ule ule akafungwa. Alikufa gerezani Elisabethville mwaka 1951. Katika miaka ile ya 1950, watoto wa waamini walifukuzwa katika shule za misioni kwa sababu ya imani ya wazazi wao. Kwa ajili ya watoto hao waliofukuzwa kanisa lilijifungulia shule zake. Mwaka 1977 Leta ikafanya mapatano na makanisa: Leta ilipe walimu, kanisa liongoze. Kwa hiyo shule zetu ni shule za Leta pia, na kifungu cha 43 kinatuhusu. Kanisa ambalo shule yake ilizaliwa na mtoto aliyefukuzwa litasimamaje mlangoni na kufukuza mtoto?

Tunajua kufanya nsinsani. Akina mama wanashindana na akina baba, vijana na wazee, mpaka jua linaingia, na nyumba za Mungu zimejengwa kwa njia hiyo. Basi nsinsani moja kila mwezi iwe ya walimu wasiolipwa. Jina la mtoto lisiandikwe kwenye karatasi yoyote ya feza. Asiye na mtoto shuleni atoe pia, na mwenye duka atoe kumpita mjane. Hesabu isomwe mbele ya wote, maana feza ya mwalimu imewahi kupotelea njiani. Na liste ya walimu wasiolipwa itiwe sahihi na wazee wa parokia, ipelekwe kwa ofisi ya elimu ya Leta, irudishwe tena kila robo ya mwaka hata wakichoka kutuona. Nsinsani yetu haifuti deni la Leta.

Tutaanza siku ya Yenga ya kwanza ya mwezi wa 9, baada ya ibada. Mwenye franka alete franka. Mwenye mawese, karanga au mchele, avilete. Mimi nitaketi karibu na mzani, na mchele nitaupokea.

Amina.