Nyanya za Nyumba ya Kupanga



Mwezi Oktoba, joto la Maskati lilipoanza kulegea, nilinunua mifuko ya udongo, samadi kidogo, mbegu za mchicha na miche ya nyanya. Vyote vilinigharimu riali 12. Uani kwetu ni saruji tupu, kwa hiyo tulipanda kwenye madumu ya mafuta ya kupikia tuliyokata juu na kutoboa chini. Mdogo, mwenye miaka minne, alijaza udongo mpaka masikioni. Dada yake wa miaka sita alimwagilia mche wa mwisho, akanitazama, akauliza: "Mama, hizi zitaiva tukiwa bado hapa?"

Hakuuliza kwa utundu. Katika nyumba yetu neno "kibali" linatajwa mara nyingi kuliko jina la bibi yake. Mkataba wangu ulikuwa unaishia miezi michache mbele, na nafasi za wauguzi wageni zinapungua kadiri vijana wa Oman wanavyohitimu, jambo ambalo ni haki yao katika nchi yao. Mtoto anasikia hayo yote hata tunapodhani amelala.

Baba yao naye alikuwa na swali lake. "Riali 12 ni mifuko minne ya saruji Morogoro, na chenji inabaki." Hakukosea hesabu. Msingi wa nyumba yetu kule tuliumwaga mwaka 2015, tumefika kwenye linta, na bado hatujapaua. Ina vyumba viwili vya watoto. Tukienda kwa mwendo huu, watakaokuja kulala humo watakuwa wameshaota ndevu.

Kati ya maswali hayo mawili nimekaa miezi mitano sasa, na naomba tukae pamoja. Kila mmoja wetu hapa husema, "Nafanya haya kwa ajili ya watoto." Je, mzazi ana haki ya kuutumia utoto wa mwanawe kuulipia ukubwa wake?

Tusiharakishe kujibu hapana. Wazazi wetu waliuza ng'ombe wa maziwa ili tusome, na siku zile hatukunywa maziwa. Mimi ni muuguzi leo kwa sababu mtu alijinyima, na akaninyima mimi pia, kwa ajili ya kesho. Mzazi asiyeweka akiba akisema "Mungu atatoa" humwachia mtoto deni, kisha huliita imani. Mume wangu anaposhika kalamu na kupiga hesabu za saruji, anawapenda watoto wake.

Lakini kazi yangu imenifundisha kwamba si kila kinachodaiwa na mtoto kinaweza kulipwa baadaye. Tunawafundisha akina mama kuhusu siku 1,000 za kwanza, tangu mimba inapotunga mpaka mtoto anapofikisha miaka miwili. Mtoto akikosa madini ya chuma wakati huo, ubongo wake unaweza kubaki na upungufu ambao nyama ya ukubwani haiufuti. Hata baada ya siku hizo, mambo mengi yana majira yake. Mtoto mdogo huhitaji kuonjeshwa chakula kigeni mara nane, mara kumi, hata zaidi, kabla hajakikubali. Subira hiyo inataka mtu aliyepo mezani. Haiwezi kutumwa kwa simu pamoja na karo.

Mwaka jana tuliwapeleka watoto Birkat al-Mawz, karibu na Nizwa, kuona mfereji wa Falaj al-Khatmeen. Huu ni mmoja wa mifereji mitano ya Oman iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2006 katika orodha ya urithi wa dunia. Wenyeji hugawana maji ya falaj kwa muda. Zamani walipima zamu kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Zamu yako ikifika, unafungua maji yaingie shambani kwako. Ikipita, maji yameshakwenda kwa mwenzako, na huwezi kudai ya jana. Nilisimama pale nikafikiria zamu zangu za usiku za ziada. Zilikuwa nne kwa mwezi. Malipo yake yote yalikwenda Morogoro, na asubuhi zilizofuata niliwaona watoto kwa jicho moja, la pili likiwa limelala.

Jirani yetu ni bibi wa Kiomani aliyezaliwa Unguja. Alikuja hapa mwanzoni mwa miaka ya 1970, kama wengi waliotoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964. Alipotuona na madumu yetu alinipa kishina cha mchaichai juu ya ukuta, akaniambia kwa Kiunguja chake: "Mwanangu, mie nilikuja na sanduku la vyombo vya mama. Nikasema sivitoi, maana mwakani narudi. Kila mwaka mwakani. Wanangu wameoza na kuolewa, hawajalia hata sahani moja." Sikujua la kumjibu. Nilisema tu, "Shikamoo, bibi," mara ya pili, kana kwamba ndiyo kwanza nimefika.

Usiku ule nilisoma tena Yeremia. Barua yake kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli tunaijua: aliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuzaa, na wauombee amani mji ule wa ugeni. Lakini sikuwahi kuzingatia sura inayotangulia. Humo yumo nabii Hanania, aliyewaambia watu kwamba ndani ya miaka miwili yote yatarudishwa. Miaka miwili! Ndiyo miaka ya vibali vya wengi wetu. Maneno ya Hanania yalikuwa matamu, na yalikuwa ya uongo, kwa maana Yeremia alitaja miaka 70. Nadhani ubaya wake haukuwa katika kukosea hesabu tu. Mtu anayeamini kwamba anaondoka mwakani hapandi kitu, na mwanawe hakui na kitu mkononi. Yeremia hakuwaambia wasahau kwao. Aliwaahidi kwamba watarudi. Aliwaagiza wasingoje kurudi ndipo waanze kuishi.

Hapa nilitaka kumaliza, na ningekuwa nimekosea. Nilipoyasema haya katika kikundi chetu cha maombi, dada mmoja alinyamaza. Yeye ni mfanyakazi wa nyumbani. Anapikia watoto wa watu siku sita, na mwanawe wa miaka saba yuko Kitui kwa bibi yake. Baada ya sala alinivuta pembeni. "Dada, umesema vizuri. Sasa mimi zamu yangu ya maji imepita, ama?" Nililiona kosa langu. Nilikuwa nimegeuza bahati yangu ya kuwa na watoto karibu kuwa sheria ya kuwahukumu wasio nayo. Yeye hakuchagua kati ya utoto na ukubwa wa mwanawe. Alichagua kati ya kumwacha na njaa, na kumwacha ameshiba. Hakuna anayeweza kumlaumu kwa hilo, mimi wa mwisho kabisa.

Kisha akanionyesha simu yake. Kila Ijumaa, siku yake ya kupumzika, mwanawe huipeleka simu kwenye sukuma wiki alizopanda nyuma ya nyumba ya bibi yake. Mama humwuliza kama amemwagilia, humwagiza ageuze jani atafute wadudu, na mtoto hubisha, na hucheka. Bibi akipika, humwonyesha sufuria. Nilitazama na kujifunza kilichonipita katika hotuba yangu yote. Nilidhani kinachodaiwa na mtoto ni mzazi kuwa mahali fulani. Kumbe anadai pia kuwa na kazi moja na mzazi wake, kazi ya leo, inayoonekana, anayoweza kuiharibu na kuirudia. Kuna watoto Maskati wanaolala chumba kimoja na wazazi wao na hawana kazi hiyo hata moja. Hata hivyo sitasema simu inatosha. Yeye mwenyewe hasemi hivyo. Anapokata simu hukaa kimya kwa muda mrefu.

Basi nyumbani kwetu tuliamua hivi. Nimepunguza zamu za ziada kutoka nne hadi mbili. Nyumba ya Morogoro haitapauliwa mwaka huu, na mama mkwe amekwishatuambia kwamba ya jirani imeezekwa. Inauma, na sitaificha. Mume wangu hajasema kwamba nilikuwa sahihi, amesema tutaona. Ila yeye ndiye anayekumbuka maji. Maji ya bomba hapa sehemu kubwa ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi kwa gharama, kwa hiyo hatuyachezei: ya kuoshea mchele na mboga ndiyo yanayokwenda kwenye madumu, na baba ndiye askari wake.

Nyanya ziliiva Januari. Zilikuwa kumi na moja, moja ililiwa na ndege. Mchicha ulikubali zaidi, na mdogo aliyekuwa akiutema sasa anaukamulia ndimu mwenyewe. Hiyo ndimu, akina mama, ina faida: husaidia mwili kulipata lile chuma la mboga, wakati chai pamoja na chakula hulizuia. Wapeni chai baadaye.

Yule dada sasa huja kwetu baadhi ya Ijumaa baada ya ibada. Yeye husonga ugali, watoto wangu huchuma mboga, na mwanawe hutukagua kwenye simu na kutuambia tumepanda karibu mno. Nawaomba wenye nyumba na watoto hapa: mwaliko wa namna hiyo hautugharimu sana. Mwenzetu asiwe mtu wa kupika jikoni kwa watu siku saba.

Barua ya mkataba wangu haijatoka hadi ninapoandika haya. Binti yangu ameniuliza tena, safari hii kuhusu mpapai mdogo tuliouotesha kwa mbegu, ambao utataka karibu mwaka mzima kuzaa. Nimemjibu kwamba huenda tukawapo na huenda tusiwepo, na kwamba tukiondoka bibi jirani amekubali kuupokea. Alifikiri kidogo, akasema tumwambie bibi asiutie maji mengi. Kisha akaenda kuumwagilia.

Mungu atubariki sote, na walio mbali nasi.