Je, Kutotajwa ni Heshima?

Katika majira ya baridi ya mwaka 431 K.K., watu wa Athens waliwazika askari wao waliofia vita dhidi ya Sparta. Pericles ndiye aliyehutubia, na hotuba yake, kama ilivyoandikwa na mwanahistoria Thucydides, husifiwa hadi leo kuwa utetezi mkuu wa demokrasia. Ni wachache wanaoikumbuka sehemu yake ya mwisho. Hapo Pericles anawageukia wajane na kuwaambia, kwa maneno machache mno, kwamba utukufu wao ni kutotajwa vinywani mwa wanaume, kwa sifa wala kwa lawama.

Je, mtu aweza kuheshimiwa kwa kufichwa jina lake?

Wanaoitetea desturi hiyo wana hoja, nasi yatupasa kuisikiliza. Kwao jina la mwanamke lilikuwa kitu cha ndani, kisichoanikwa sokoni. Ndiyo maana mahakamani wasemaji walisema mke wa fulani, au mama wa fulani. Aghalabu waliotajwa kwa majina wakiwa hai ni makahaba na jamaa za mahasimu. Neaera, aliyeshtakiwa katika miaka ya 340 K.K., twamjua kwa sababu walitaka kumfedhehesha.

Ningaliikubali hoja hiyo kama kilichofichwa kingalikuwa jina tu. Lakini mwanamke wa Athens hakuwa na kura, wala hakuweza kushtaki bila msimamizi wa kiume: baba, kisha mume, na pengine hata mwana aliyemzaa mwenyewe. Mkataba aliouweza kisheria haukuzidi thamani ya madebe matatu hivi ya shayiri. Na ajabu ni hii: mwaka 451 K.K. Pericles huyo huyo alileta sheria kwamba raia sharti azaliwe na baba na mama wa Athens. Tangu hapo uraia wa kila kijana ulisimama juu ya mama yake. Hata hivyo kijana alijulikana rasmi kwa jina lake, la babaye, na la kitongoji chake.

Wala si kwamba Wagiriki hawakujua njia nyingine. Huko Sparta wanawake walimiliki ardhi, na Aristotle alinung'unika kwamba karibu sehemu mbili kwa tano za nchi zilikuwa mikononi mwao. Katika Athens yenyewe, Lysimache alikuwa kuhani wa mungu Athena kwa miaka 64, akachongewa sanamu. Mji haukuona haya kulitaja jina lake. Basi walijua vema kwamba kutajwa kwaweza kuwa heshima. Waliigawa tu kwa uchoyo.

Aspasia, mwanamke mgeni aliyeishi na Pericles, anajulikana kote, maana washairi wa vichekesho walimdhihaki hadharani. Lakini yule mke wa ndoa, aliyemzalia Pericles wana wawili, Xanthippus na Paralus, Plutarch anatuambia kwamba alikuwa jamaa yake. Jina lake hakuliandika.