Mikono Inayomlisha Mtoto

Mlandege, katika Manispaa ya Iringa, Mwislamu na Mkristo hupanga nyumba moja, huchota maji kwenye bomba moja, na watoto wao hula kwa jirani bila kuulizwa. Kwa hiyo ninapoandika habari za tegu wa nguruwe najua wapo watakaosema mapema kwamba wao hawali kitimoto, na hayo hayawahusu. Yanawahusu, na yanamhusu zaidi mtoto wao.

Mtu akila nyama ya nguruwe yenye malengelenge ya tegu, tena haijaiva vizuri, hupata tegu mkubwa tumboni. Mnyoo huyo hukaa kwenye utumbo mwembamba, hufikia urefu wa mita kadhaa, na huweza kuishi humo kwa miaka. Mara nyingi mwenye naye haumwi kitu cha kumpeleka hospitali. Pengine ataona pingili nyeupe chooni, atashangaa kidogo, kisha aendelee na kazi zake. Pingili moja iliyokomaa huwa na makumi ya maelfu ya mayai.

Kinachofuata hapo wengi hatujawahi kuambiwa. Mayai hayo yakimfikia mtu kinywani, hayamletei tegu wa tumboni. Huanguliwa, na vidudu vinavyotoka hupenya ukuta wa utumbo, husafiri na damu, kisha hutua kwenye misuli, machoni au kwenye ubongo. Kila kimoja hugeuka kifuko kidogo chenye maji. Kifuko cha kwenye ubongo kinaweza kutulia miaka mingi bila dalili yoyote. Kinapoanza kufa, mwili hukishambulia, ubongo huvimba pembeni yake, na mtoto aliyekuwa mzima huanguka akitetemeka, macho yamegeuka. Mayai yenyewe hayakutoka kwa nguruwe. Yametoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, mara nyingi mtu wa nyumba ile ile, na kufika kwa mtoto kwa mikono isiyonawa, kwa maji, au kwa mboga isiyooshwa. Mla nguruwe ndiye anayebeba mnyoo, na kifafa kinaweza kumpata asiyewahi kuonja nyama hiyo.

Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliandika habari za Wayahudi wa New York, watu wa dini wasiogusa nguruwe kabisa, waliopata kifafa kwa vifuko vya tegu kwenye ubongo. Uchunguzi uliwaelekeza kwa wafanyakazi wa ndani waliotoka nchi za Amerika ya Latini ambako tegu ni wengi. Kama jambo hilo liliwezekana New York, kwenye maji ya bomba na vyoo vya kuvuta, sisi tunaoishi Nyanda za Juu Kusini, kwenye nguruwe wengi kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya Tanzania, tunajitoaje? Utafiti uliofanywa Mbozi, wakati huo ikiwa bado Mkoa wa Mbeya, na kuchapishwa 2013, ulipima damu na vinyesi vya wanavijiji. Karibu mtu mmoja kati ya sita alikuwa na dalili katika damu za vifuko vilivyo hai mwilini, na karibu watano kati ya mia walikuwa wamebeba tegu tumboni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo mengi yenye ugonjwa huu, ambako watu na nguruwe wanaozurura huishi pamoja, karibu asilimia 30 ya kifafa chote hutokana na tegu.

Nimeuweka utafiti huu kwenye makala ya malezi kwa makusudi. Kwetu mzazi mwema ni yule anayeushughulikia mwili wa mtoto: anamwogesha, anampeleka kliniki, anampa dawa ya minyoo. Tegu anatudai jambo gumu zaidi, kwamba mkubwa aanze na mwili wake mwenyewe. Baba anayekula kitimoto kila mwisho wa wiki na mama anayeonja nyama jikoni kabla haijaiva ndio wanaopaswa kupimwa kwanza. Hapo ndipo tunapokwama, maana kumnyooshea mtoto kidole ni rahisi.

Tumekwisha kufanya hivyo kwa meno. Tangu miaka ya 1980 madaktari wa meno wa Tanzania wamekuwa wakieleza madhara ya kung'oa yale yanayoitwa meno ya plastiki. Mtoto mchanga anaharisha na ana homa, bibi anaingiza kidole kinywani, anaona uvimbe mweupe kwenye fizi, na mganga anaitwa. Uvimbe ule ni chonge la utotoni linalojitayarisha kuota, na kila mtoto analo. Linachokolewa kwa wembe au spoku ya baiskeli, bila ganzi, kwa kichanga mwenye upungufu wa maji mwilini. Wapo waliokufa kwa kuvuja damu, kwa maambukizi na kwa pepopunda. Waliopona wengi hukua na chonge la ukubwani lililopinda au lisiloota kabisa. Kuhara nako kunarudi, kwa sababu chanzo chake kilikuwa kwenye ndoo ya maji na kwenye mikono ya aliyekoroga uji. Nawaza sana juu ya kichanga huyo. Alikuwa na wakubwa wanne au watano pembeni yake, wote wakimpenda, na hakuna hata mmoja aliyeinuka kwenda kuchemsha maji.

Dawa za shuleni nazishukuru. Albendazole dhidi ya minyoo ya kawaida na praziquantel dhidi ya kichocho zimewafikia watoto ambao wazazi wao wasingezinunua. Praziquantel humuua tegu pia, na watafiti waliofuatilia Mbozi na Mbeya Vijijini kati ya 2012 na 2014 waliona maambukizi yakipungua baada ya watoto kumezeshwa. Yalipungua, hayakwisha. Mtoto anamezeshwa shuleni asubuhi, mchana anarudi kula ugali kwenye nyumba ambayo mwenye tegu hajaguswa na mtu. Wazazi wengi huichukulia siku ile ya vidonge kama kazi iliyomalizika. Hiyo ni sehemu ya mwalimu. Sehemu yetu haijaanza.

Wala kujua peke yake hakutoshi. Profesa Helena Ngowi wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzake walifundisha vijiji vya Mbulu habari za tegu, na matokeo yao ya mwaka 2008 yanastahili kusomwa kwa utulivu. Watu walielewa, ulaji wa nyama yenye malengelenge ulipungua, na nguruwe walioambukizwa wakapungua pia. Lakini matumizi ya vyoo na namna ya kufuga havikubadilika kwa kiasi cha maana. Choo kinataka fedha na nguvu, na banda linataka chakula cha kumpelekea nguruwe aliyezoea kujitafutia. Mwenye shida hizo simlaumu haraka. Ila kibuyu chirizi na kipande cha sabuni mlangoni mwa choo vinapatikana hata kwa mwenye chumba kimoja, na nyama yenye mhuri wa mkaguzi ipo buchani kwa anayeitaka.

Kwenye nyumba zetu za mjini anayepika na kumlisha mtoto mara nyingi ni dada wa kazi, binti aliyetoka kijijini akiwa na mfuko mmoja wa nguo. Sitaki mtu asome habari ya New York akaenda kumfukuza. Binti huyo naye ni mtoto wa watu tuliyekabidhiwa. Apelekwe hospitali kama tunavyowapeleka wetu, kwa gharama yetu, aelezwe bila kudhalilishwa, na baba na mama mwenye nyumba wapimwe siku hiyo hiyo. Mhudumu wa afya aambiwe waziwazi kama yupo nyumbani mwenye kifafa au maumivu makali ya kichwa ya mara kwa mara, kwa sababu dawa inayoua tegu wa tumboni inaweza kuchokoza vifuko vya kwenye ubongo na kuleta degedege.

Na yule ambaye tayari anaanguka? Katika baridi ya mikoa yetu moto huwaka jikoni tangu alfajiri, na watoto wengi wenye kifafa wana makovu ya moto mikononi na usoni. Wengine waliungua mbele ya watu, kwa kuwa waliokuwepo waliamini kwamba mate ya mwenye kifafa huambukiza. Hayaambukizi. Wengine wametolewa shule, wakafichwa chumba cha nyuma huku mwaka mzima ukipita kwa waganga. Dawa ya kifafa hutolewa hospitali, hainunuliwi kwa mbuzi mweusi, na wengi wanaoimeza kila siku bila kuruka hupata nafuu kubwa, wengine wasianguke tena. Mzazi amwambie mwalimu, amwambie jirani, awaonyeshe la kufanya: asogezwe mbali na moto, alazwe ubavu, asitiwe kijiko mdomoni, asikandamizwe, na mmoja akae naye mpaka fahamu zimrudie. Kama mtukutiko umepita dakika tano, apelekwe hospitali hapo hapo. Kesho yake, kama hakuumia, arudi darasani.