Haki ya Maiti na Haki ya Walio Hai

Ndugu Waislamu! Hapana kati yetu asiyejua kwamba maiti ana haki nne juu ya walio hai: kuoshwa, kukafiniwa, kusaliwa na kuzikwa. Je, ikiwa kule kumwosha kwenyewe kwaua, tufanyeje?

Swali hili si la kubuni. Maradhi ya Ebola, yaliyojulikana kwanza mwaka 1976 katika Sudani na Zaire, huenea kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa. Aliyeambukizwa hukaa siku 2 hadi 21 kabla ya kuugua, na katika muda huo hamwambukizi mtu. Lakini akisha kufa, mwili wake huwa na hatari kubwa mno. Ndiyo sababu mwaka 2014, katika Guinea na Sierra Leone, nchi ambazo wengi wa watu wake ni Waislamu, mazishi yalikuwa mlango mmoja mkubwa wa mauti. Hata maradhi yalipokoma mwaka 2016, Afrika ya Magharibi ilikuwa imepoteza watu zaidi ya 11,300.

Wako wasemao kuwa ajali haina kinga, na amwogopaye maiti imani yake ni dhaifu. Maneno haya yana sura ya imani, na ndani yake mna ujinga. Sayyidna Umar, alipokuwa njiani kwenda Shamu, alipata habari ya tauni akarejea na watu wake, wala hakuona kuwa amekimbia kadari ya Mungu. Nani kati yetu atajidai kumzidi Umar kwa imani? Tena, mwoshaji hahatirishi roho yake peke yake. Hurudi nyumbani kwa mke, watoto na majirani, nao hawakumpa idhini ya kuzitoa roho zao.

Wala sharia haikutuacha bila ya njia. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walikwisha kusema tangu zamani kuwa maiti asiyewezekana kuoshwa, kama aliyeungua kwa moto hata nyama yake ikawa itakatika, hufanyiwa tayamamu. Basi kuacha maji kwa dharura ni kuifuata dini, si kuiacha.

Lakini lawama si ya upande mmoja. Hapo mwanzo maiti wengi walichukuliwa na watu wasiojulikana, wakazikwa pasipo jamaa kusali. Watu wakaficha wagonjwa wao, wakazika kwa siri, na maradhi yakazidi. Novemba 2014 Shirika la Afya Ulimwenguni, baada ya kushauriana na watu wa dini, lilitoa taratibu zilizokubali tayamamu kwa mkono wa Mwislamu aliyevaa kinga, na sanda, na sala. Anayemzuia mtu asimguse maiti wake yampasa amwachie heshima yake.

Jirani zetu wa Uganda walifikwa na maradhi haya mwaka 2000, na tena 2022 na 2025. Yatupasa maimamu na waoshaji wetu wakae na waganga na kuyajua haya mapema, kwani siku ya msiba si siku ya kufundishana.

Wallahu aalam.