Koala, Nzi na Mtoto Niliyemsogeza Pembeni

Hivi thamani ya kiumbe inatoka wapi? Kwenye sura yake, kwenye faida yake, au kwa sababu tu anaishi?

Swali hili lilinipata kwenye kikundi chetu cha vijana. Tulikuwa tunaangalia kwenye simu video ya ule moto mkubwa wa Australia wa 2019 na 2020. Koala ameungua, mtu anamnywesha maji kwa chupa. Dada wawili wakatokwa na machozi. Papo hapo kijana mmoja anaua nzi mezani, pa, pa, na hakuna hata aliyegeuka.

Koala tunampenda kirahisi. Ana uso kama wa mtoto mchanga, mwanawe anamlea kwenye mfuko wa tumboni, na anaishi juu ya mikaratusi, miti ya kwao ambayo sisi huku tunaifanya nguzo na kuni. Analala hadi saa 20 kwa siku, wala hakuna anayemwita mvivu. Na kumbe mtoto wake, kabla hajaanza kula majani, anakula kinyesi laini cha mama yake ili apate vijidudu vya kusaga majani yale yenye sumu. Hilo tunamsamehe. Nzi akigusa kinyesi, basi ni mchafu tangu kuzaliwa.

Lakini nzi si wa aina moja. Kuna yule mweusi, mwembamba, anaitwa nzi askari. Haumi mtu. Funza wake wanakula maganda na mabaki ya jikoni, halafu wao wenyewe wanakuwa chakula cha kuku. Kenya na Uganda kuna watu wanamfuga.

Rafiki yangu akasema, "Basi huyo ana faida, aishi." Jibu hilo likanitia wasiwasi. Kama faida ndiyo kipimo, bibi asiyeweza tena kubeba dumu la maji tumweke wapi?

Simaanishi tuwaache nzi wa chooni watembee juu ya ugali. Wanaleta kuhara, na mimi mwenyewe nafunika chakula na kuwafukuza. Kujilinda ni jambo moja, kudharau ni jingine.

Nasema hivi kwa sababu nina kosa langu. Siku moja walikuja wageni kupiga picha, nikaambiwa nipange watoto. Mbele nikaweka wenye tabasamu na nguo safi. Mmoja alikuwa na vidonda kichwani, nzi wamemjaa. Nikamsogeza pembeni. Akaniuliza, "Kaka, ni sababu ya nzi?" Nikanyamaza.

Wageni hawakuniambia nimtoe. Ni mimi niliyechagua koala. Nilidhani nasaidia kambi yetu ipendwe, kumbe yule aliyehitaji kuonekana kuliko wote ndiye niliyemficha.

Kesho yake nilimpeleka zahanati, na vidonda vilipona. Swali lake bado sijamjibu. Ninyi mnaopanga watoto, na ninyi mnaoshika kamera, mngemjibuje?