Je, Tumlaumu Atamaniye Sukari?

Imekuwa mazoea katika mitaa yetu ya pwani kumcheka kijana aliyeacha heroini aonekanapo akitia vijiko sita vya sukari katika kikombe kimoja cha chai. Husemwa: "Ametoka katika ulevi, ameingia katika ulafi." Leo twataka kuuliza: Je, maneno haya ni ya haki? Na je, tamaa ambayo mtu hakuichagua yahesabiwa kuwa kosa lake?

Kwanza yatupasa kuijua hali yenyewe, kwani ahukumuye asilolijua hudhulumu. Mwili wa mwanadamu hujitengenezea vitu vifananavyo na afyuni, navyo hutuliza maumivu na kumpa mtu raha. Utamu ufikapo ulimini huviamsha vitu hivyo. Ndiyo maana mtoto mchanga atiliwapo maji ya sukari kinywani kabla ya kudungwa sindano hulia kidogo kuliko asiyetiliwa. Heroini, ambayo asili yake ni afyuni, hupita mlango uo huo, lakini hupita kwa nguvu ipitayo kiasi. Mtu aiachapo, raha ndogo ndogo za kila siku huwa hazimtoshi, naye huutafuta utamu ulio mkali. Wataalamu wameliona jambo hili mara nyingi, hata kwa wanaotibiwa kwa methadoni, dawa iliyoanza kutolewa Malindi mwaka 2015, kwani nayo ni ya jamii ya afyuni.

Basi atamaniye sukari baada ya kuacha unga ana jeraha ambalo bado lapona. Kumwita mlafi ni kama kumwita mvivu mtu aliyevunjika mguu.

Lakini tusivuke mpaka. Kutamani ni jambo moja, na kutenda ni jambo jingine. Dawa za jamii hiyo hukausha mate, na kinywa kikavu chenye sukari huozesha meno upesi. Na sukari ikizidi huuelemea mwili mzima. Tamaa hakuichagua, lakini kijiko ki mkononi mwake. Yampasa apunguze kidogo kidogo, ashike papai, embe na tende chache badala ya soda, wala asisahau mswaki.

Na sisi tumchekao, tu nani? Twakaa barazani tukinywa kahawa chungu, na sahani ya halua i mbele yetu. Ni nani miongoni mwetu awezaye kunywa chai isiyo sukari siku tatu bila ya kununa? Mlango alioupitia yule ndio tuupitao sisi kila asubuhi. Tofauti ni kwamba sisi hatukuumizwa mlangoni. Asiyejaribiwa hana haki ya kujisifu kwa subira.

Kwa hiyo, ndugu zetu, akija kijana huyo nyumbani mwenu, mpeni kikombe chake wala msimhesabie vijiko mbele za watu. Akiisha kuzoea kukaa nanyi, mwambieni kwa upole, faraghani, juu ya meno yake na afya yake. Kwani ajuaye kwamba atachekwa nyumbani hurudi maskani, na huko hakuna amchekaye, wala hakuna amtakiaye kupona.